Namba Sita Mbele ya Viti Vitupu

Kupandisha namba ya mchezaji darini kuna kawaida zake. Taa za ukumbi hupunguzwa, zulia hutandikwa katikati ya uwanja, mke na watoto huketishwa mbele wakiwa na nguo za sikukuu, wazee wa timu husema maneno yao. Kisha kamba huvutwa, kitambaa chenye namba kikaanza kupanda polepole, na maelfu ya watu husimama wakipiga makofi mpaka kifike kwenye boriti za paa. Tangu siku hiyo namba ile haivaliwi tena na mtu wa timu ile. Tarehe 12 Machi 1972 ilikuwa zamu ya Bill Russell, namba 6 wa timu ya mpira wa kikapu ya Boston Celtics, na kawaida hizo zote alizikataa. Alikuwa mjini kwa kazi ya kutangaza mpira kwenye televisheni. Mchezo ulikuwa haujaanza na milango ya Boston Garden ilikuwa bado imefungwa. Waliokuwepo chini ya paa ni wenzake wachache wa timu na Red Auerbach, mtu aliyempeleka Boston. Kitambaa kikavutwa juu mbele ya viti vitupu. Mashabiki walipofunguliwa milango, namba ilikwisha kufika mahali pake.

Nashindwa kuiacha saa ile. Ukumbi uliozoea kelele, ukinyamaza, hufanya kila kitu kisikike: mlio wa kamba ikipita kwenye kapi, viatu juu ya ile sakafu maarufu ya vipande vya mwaloni, mtu anayekohoa upande wa pili. Mtu aliyeuletea mji huo vikombe 11 katika misimu 13 anasimama hapo, mrefu, ndevu zake zimechongoka, anatazama juu kwa muda mfupi, na shughuli imekwisha. Wengi walisema ana kiburi. Wengine wakasema ana kinyongo. Mimi naona alikuwa anajibu swali ambalo hakuna aliyemuuliza kwa sauti.

Watu wa Pwani wana methali isemayo mcheza kwao hutunzwa. Imezaliwa ngomani, na mpaka leo unaiona ikitendeka kwenye kumbi za taarabu. Mwimbaji anafika kwenye ubeti unaochoma, mama mmoja anainuka kitini, noti mkononi, anakwenda mbele kwa mwendo wa madaha, anamtuza, kisha anarudi polepole kuliko alivyokwenda. Ukimwangalia vizuri utagundua kwamba naye anatazamwa, na anajua. Vazi lake, mwendo wake, ubeti aliouchagua kuinukia, vyote vinasema habari zake mwenyewe, na pengine vinamrushia mtu wa meza ya pili maneno ambayo mdomo usingethubutu. Usiku ule wanatukuka wawili, aliyetuzwa na aliyetuza. Sioni ubaya wowote hapo. Taarabu bila watuzaji ingekuwa mazoezi. Ila jambo hilo linaeleza mengi kuhusu heshima za hadharani popote duniani. Mji unaompigia makofi shujaa wake unajipigia na wenyewe. Unajiambia: tulimjua, tulimpenda, tulikuwa naye. Kinachotakiwa kwa anayetuzwa ni kidogo tu. Apunge mkono, atabasamu, aseme asanteni. Bila hivyo shughuli haijakamilika, na watoaji watarudi nyumbani na mashaka kuhusu nafsi zao.

Russell hakutaka kuwakamilishia. Na ukiipima methali yenyewe, utaona kwamba uzito wake wote umelala juu ya yule anayeitwa wa kwao. Tumezoea kuusikia upande wa tuzo, tukausahau upande wa nyumba. Boston palikuwa kwao Bill Russell?

Alizaliwa mwaka 1934 huko Monroe, Louisiana, katika Kusini ya Marekani ambako sheria yenyewe ilikuwa imemgawa binadamu kwa rangi. Siku moja mama yake, Katie, alitoka akiwa amevaa nguo yake nzuri. Polisi Mzungu akamsimamisha, akamwamuru arudi nyumbani akaivue, kwa kuwa hilo ni vazi la wanawake wa Kizungu. Habari hiyo Russell aliibeba maisha yake yote. Naisoma na kuirudia kwa sababu ya nguo. Nguo ni uzi na rangi, haina habari ya anayeivaa, lakini tunaipa kazi kubwa ajabu: kumtambulisha mtu, kumpandisha, kumvua utu. Mtoto wa mwanamke aliyeambiwa akavue alikuja kuambiwa na mji mzima kwamba namba ya mgongoni mwake haitavaliwa tena na mtu. Mtu mwenye kumbukumbu ya aina hiyo hawezi kuipokea nguo kwa wepesi, hata ikipandishwa kwa shangwe.

Familia ikahamia Oakland, California. Bill alikuwa na miaka 12 mama yake alipofariki, na baba, Charlie, akaacha kazi ya lori iliyokuwa ikimweka mbali, akaenda kwenye kiwanda cha kuyeyusha chuma ili awe karibu na wanawe. Shuleni McClymonds kijana hakuwa nyota. Alikuwa mwembamba, mwenye miguu mirefu asiyejua aiweke wapi, na alipomaliza ni chuo kimoja tu kilichompa nafasi ya kusoma kwa ufadhili: Chuo Kikuu cha San Francisco, cha mapadri Wajesuiti, chuo kidogo ambacho hata ukumbi wake wa mpira wa kikapu hakikuwa nao. Timu iliazima viwanja vya watu. Ukumbi wao wenyewe ulifunguliwa mwaka 1958, miaka miwili baada ya Russell kuondoka. Waliojenga jina la chuo walilijenga barabarani, na nyumba ikaja baadaye.

Katika miaka hiyo ya chuo ndipo mchezo wenyewe ulipobadilika, na hapa naomba msomaji asiye mpenzi wa kikapu anivumilie kidogo. Makocha wa wakati ule walifundisha kwamba mlinzi mzuri hainui miguu yake kutoka sakafuni. Russell akaruka. Yeye na mwenzake wa chumbani, K.C. Jones, walikuwa wakikaa usiku wakizungumza kuhusu pembe: mpira ukitoka hapa utaangukia wapi, mtu akisimama pale atafunga njia ipi, kana kwamba wanafanya hesabu za jiometri. Akatokea mlinzi ambaye washambuliaji walianza kumuogopa kabla hajafika. Na alipozuia mtupo, hakuupiga mpira kofi ukaruka mpaka kwenye viti vya watazamaji, jambo linaloamsha ukumbi mzima. Aliugusa tu, ukabaki uwanjani, mwenzake akauchukua na kukimbia nao upande wa pili. Ukiupiga mpira nje, umepata kelele na wapinzani wamepata mpira tena. Ukiugusa, kelele hakuna, lakini mpira ni wenu. Maisha yote ya Russell naweza kuyaeleza kwa mguso huo mmoja.

San Francisco walichukua ubingwa wa vyuo wa Marekani mwaka 1955 na tena 1956, wakishinda michezo 55 mfululizo yeye akiwa uwanjani, na wastani wake ulikuwa zaidi ya pointi 20 na ribaundi 20 kwa mchezo. Wakubwa wa mchezo walitafuta namna ya kumpunguza. Eneo la chini ya kikapu ambamo mshambuliaji haruhusiwi kukaa muda mrefu wakalipanua kutoka futi 6 hadi futi 12. Kanuni ikibadilishwa kwa ajili ya mtu mmoja, hiyo nayo ni heshima, ya kinyume, na pengine ndiyo ya kweli kuliko zote, kwa kuwa hutolewa na wasiotaka kuitoa.

Lakini mwaka uleule wa 1955 lilitokea jambo dogo ambalo yeye mwenyewe alilitaja mara nyingi. Akiwa bingwa wa nchi nzima, akiwa amechaguliwa mchezaji bora wa fainali za vyuo, tuzo ya mchezaji bora wa Kaskazini mwa California alipewa mtu mwingine, Kenny Sears wa Santa Clara, Mzungu. Fikiria hesabu yake: bora kuliko wote nchini, lakini si bora nyumbani. Russell alikuwa na miaka 21. Aliamua papo hapo kwamba akiwaachia watu wale kazi ya kumpima, atazeeka na uchungu moyoni. Kipimo chake kikawa kimoja, nacho kilikuwa kushinda kwa timu, kwa sababu matokeo ya mchezo hayapigiwi kura. Kwa maoni yangu, kitambaa cha Boston Garden kilianza kupanda siku ile ya 1955, na viti vilianza kuwa vitupu siku ileile.

Chukua kisa kingine cha chuo. Desemba 1954 timu ilikwenda Oklahoma City kwa mashindano, na hoteli za mji zikakataa kuwalaza wachezaji Weusi. Kocha Phil Woolpert, aliyekuwa akiwaanzisha wachezaji Weusi watatu wakati ambapo vyuo vingi havikuwa na hata mmoja, na wachezaji Wazungu wa timu hiyo, waliamua kulala pamoja na wenzao kwenye bweni la chuo lililokuwa limefungwa kwa likizo. Naliwazia bweni lile la baridi. Hapana mpiga picha, hapana hotuba. Nani alimheshimu nani usiku ule? Hapo ndipo neno la methali linaanza kupata mahali pa kukaa, maana nyumbani kwa mtu ni pale wanapokubali kulala na baridi yake.

Boston ilikuwa habari nyingine. Alifika mwishoni mwa 1956, akitoka Melbourne na medali ya dhahabu ya Olimpiki. Vikombe vikafuatana, na sitavihesabu kimoja kimoja. Inatosha kusema kwamba wenzake walizoea kumsikia akitapika chooni kabla ya mchezo mkubwa, kwa hofu, na kusikia kwao huko kuliwatuliza. Walijua yuko tayari. Mwaka 1966 akawa kocha wa kwanza Mweusi katika ligi ya NBA huku bado anacheza, na akachukua ubingwa mara mbili akiwa na kofia zote mbili. Mwaka 1961, kule Lexington, Kentucky, wenzake wawili waliponyimwa huduma kwenye mkahawa wa hoteli, yeye na wachezaji Weusi wenzake walipanda ndege wakarudi nyumbani bila kucheza. Watu wakamwambia mwanamichezo acheze, mambo mengine awaachie wanasiasa. Wimbo huo haujaisha mpaka leo, na wanaouimba hawajapata ubeti mpya.

Aliishi Reading, mji mdogo nje ya Boston. Mwaka 1963 wakazi walimwandalia karamu ya heshima, siku yake maalumu, na akatokwa na machozi mbele yao kwa furaha. Baadaye alipotaka kununua nyumba katika mtaa mwingine wa mji huohuo, majirani watarajiwa wakazungusha karatasi ya kukusanya saini kumzuia. Siku nyingine familia iliporudi kutoka safari, ilikuta nyumba imevunjwa. Binti yake, Karen, aliieleza habari hiyo mwaka 1987 katika jarida la New York Times: matusi ya rangi yameandikwa ukutani, bia imemwagwa juu ya meza ya pool, kabati la vikombe limevunjwa na vikombe vingi vimepondwa. Polisi walipokwisha kuondoka, baba na mama walifunua shuka na kukuta waliovunja wamejisaidia kitandani. Kikulacho ki nguoni mwako. Waliofanya hivyo hawakutoka mbali. Mtu alijua nyumba ni ya nani, alijua lini haina watu, alijua vikombe viko wapi, na vikombe vile alivishambulia kwa hasira ambayo mwizi wa kawaida hana, maana mwizi hubeba. Huenda mtu huyohuyo, au mjomba wake, alikuwa na tiketi ya msimu.

Sasa rudi kwenye makofi. Makofi hayana jina. Watu maelfu wakipiga mikono kwa pamoja, huwezi kumtenga aliyetia saini karatasi na aliyekataa kuitia. Yanafika yote kwa sauti moja, na wewe uliyesimama kwenye zulia unatakiwa uyapokee yote kwa tabasamu moja. Russell alikuwa akisema kwamba alichezea Celtics, hakuchezea Boston. Watu waliona anatafuta maneno. Mimi naona alikuwa ameipima methali yetu bila kuijua. Kwao palikuwa ni chumba cha kubadilishia nguo cha timu, watu 12 au 13 pamoja na mzee mmoja, Auerbach, mwenye sigara kubwa mdomoni, na mbele ya hao alikubali kutuzwa. Saa ile ya Machi 1972 ukumbi haukuwa mtupu. Watu wa kwao walikuwepo.

Huku kwetu tuna ugonjwa wetu wa heshima, na unafanana na ule wa Boston kwa sura moja. Mchezaji wa zamani wa timu ya taifa anazeeka kwenye chumba cha kupanga, magoti hayapandi ngazi, na hakuna anayebisha hodi. Akifariki, turubai linafungwa, viongozi wanakuja na miwani myeusi, wasifu unasomwa kwa sauti nzito, ahadi ya kombe lenye jina lake inatolewa kabla udongo haujakauka. Au akiwa hai, anaitwa kwenye bonanza, anapewa cheti kwenye fremu na kupigwa picha ya pamoja, kisha anarudi na daladala. Tunampa kile kinachotupamba sisi. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, tunasema, tukimtahadharisha mgema. Hatujasema neno lolote kuhusu msifiaji, ambaye mara nyingi sifa zake ndizo zilizotiwa maji.

Kwenye mambo ya kuning'inia darini, mchezo wa mwisho wa Russell una kichekesho chake. Ilikuwa tarehe 5 Mei 1969, mchezo wa saba wa fainali, ukumbini kwa Lakers wa Los Angeles. Mwenye timu, Jack Kent Cooke, alikuwa ameamuru maelfu ya maputo yafungwe kwenye dari, yaachiwe wakati Lakers watakapotawazwa mabingwa. Celtics waliingia, wakayaona. Walishinda 108 kwa 106, na maputo yakabaki juu, yamekwama kwenye sherehe ambayo haikufika. Russell hakurudi tena uwanjani kama mchezaji. Mwaka huohuo ndipo NBA ilipoanza kutoa tuzo ya mchezaji bora wa fainali, na ya kwanza kabisa ikaenda kwa Jerry West, wa upande ulioshindwa, hadi leo mtu pekee aliyeipata kwa kushindwa. Miaka 40 baadaye, mwaka 2009, tuzo hiyo ilipewa jina la Bill Russell, ambaye hakuwahi kuipata. Sijui kama mtunzi wa riwaya angethubutu kuandika hivyo.

Yapo pia mambo yanayoipinda hoja yangu, na sitaki kuyaficha. Mei 1999 Russell alikubali namba yake ipandishwe mara ya pili, safari hii hadharani, katika ukumbi mpya uliochukua nafasi ya Boston Garden. Wilt Chamberlain, hasimu wake mkuu na rafiki yake, alikuwepo. Alifariki Oktoba mwaka huohuo. Kareem Abdul-Jabbar alikuwepo, na Larry Bird. Watu walisimama wakapiga makofi kwa muda mrefu, na mzee wa miaka 65 akalia. Je, alikuwa amesamehe? Mwenye kovu usidhani kapoa. Lakini fedha za usiku ule zilikwenda kwenye kazi ya kulea vijana, na hata mwaka 2013, mji ulipomsimamishia sanamu mbele ya jumba la halmashauri, alitaka iende pamoja na mpango wa malezi. Sanamu zenyewe hakuzipenda. Alisema zinamkumbusha makaburi, na kwamba njiwa huzichafua. Naona alikuwa amegundua njia ya kuupokea mkono wa mji bila kuwa mapambo ya mji: noti inapofika, mpe mtoto aliye nyuma yako. Ni uleule mguso wa mpira, usitoke nje ya uwanja.

Na asije mtu akadhani alikuwa mzee wa kununa. Kicheko chake kilikuwa mashuhuri, kikali, cha juu, kinachokatiza mazungumzo ya watu. Juni 2017 NBA ilimpa tuzo ya maisha, na nyuma yake jukwaani wakasimama majitu watano waliocheza nafasi yake baada yake: Abdul-Jabbar, David Robinson, Shaquille O'Neal, Alonzo Mourning na Dikembe Mutombo, yule aliyezaliwa Kinshasa, akaenda Chuo cha Georgetown akitaka kuwa daktari, akaishia kuwa mzuiaji mitupo ambaye alijenga hospitali kwao na kuipa jina la mama yake. Russell, miaka 83, akawageukia, akawanyoshea kidole mmoja baada ya mwingine, akanyamaza kidogo, kisha akawaambia kwamba wote angewatandika. Ukumbi ulivunjika mbavu. Mbele ya watu wa kazi yake, hata makofi hayakumsumbua.

Alifariki tarehe 31 Julai 2022, akiwa na miaka 88. Siku chache baadaye ligi ikatangaza kwamba namba 6 haitatolewa tena kwa mchezaji mpya wa timu yoyote kati ya timu zake 30, jambo ambalo ligi hiyo haikuwahi kumfanyia mtu mwingine. Safari hii hakuwepo wa kuulizwa. Nakiri tangazo lile lilinifurahisha, kisha likaniacha na wasiwasi, maana maiti hakatai zulia. Kila aliyekuwa na deni naye alipata nafasi ya kusema neno zuri, na hapakuwa na mtu wa kufunga milango.

Kwa hiyo heshima ninayoitazama zaidi ni ile iliyochelewa kuliko zote. Mwaka 1975 jina lake lilichaguliwa kuingia katika Jumba la Mashujaa wa mpira wa kikapu lililoko Springfield, Massachusetts, mji ambao mchezo huu ulivumbuliwa mwaka 1891. Hakwenda. Jina likaandikwa bila yeye, na kwa miaka 44 hakuikubali pete. Watu wakarudia maneno yao: kiburi, kinyongo. Mwaka 2019 akaeleza kwa maneno machache kwamba hakutaka kutangulia, kwa kuwa wapo waliostahili kuingia kabla yake. Avumaye baharini papa, kumbe wengi wapo. Mwaka 1950 Chuck Cooper wa Chuo cha Duquesne alikuwa mchezaji wa kwanza Mweusi kuchaguliwa na timu ya NBA, na timu iliyomchagua ni Celtics. Msimu huohuo Earl Lloyd na Nat Clifton wakafungua mlango pamoja naye. Hao ndio waliokula matusi ya kwanza, na kulala kwenye hoteli za pembeni kabla ya mtu yeyote kumsikia Russell. Lloyd aliingizwa mwaka 2003, Clifton 2014. Cooper akabaki nje.

Kuna watu wanaokataa heshima ili waombwe mara ya pili. Kuna wanaoikataa kwa hasira, na hasira ikipoa wanaitafuta. Kuikataa kwa miaka 44 kwa sababu yupo mtu wa mbele yako kwenye foleni ambaye hajaitwa, hiyo nimeiona kwa huyu mmoja. Naihesabu kuwa kubwa kuliko vikombe vyote 11, na najua mashabiki wa Celtics watanicheka.

Septemba 2019 Springfield ilimwingiza Chuck Cooper, aliyekuwa amefariki tangu 1984. Novemba mwaka huohuo, katika shughuli ya faragha, mbele ya mkewe na marafiki wachache, Bill Russell aliivaa pete yake.